Haki ya elimu kwa lugha ya walio wachache: Kanada wanamaanisha nini?

Nchi inaweza kuwa na lugha rasmi mbili na bado mtoto akaipoteza moja. Chukua Kanada, yenye Kiingereza na Kifaransa, katika mji wa Edmonton, jimbo la Alberta. Baba na mama wanazungumza Kifaransa nyumbani, lakini dukani ni Kiingereza, uwanjani Kiingereza, kwenye runinga Kiingereza. Hakuna haja ya kumkataza mtoto Kifaransa. Akianza tu shule ya Kiingereza, kitamtoka polepole mpaka siku moja bibi yake anamsemesha na yeye anajibu kwa lugha nyingine.

Kwa ajili ya watu hao, Kanada iliandika kifungu cha 23 katika Hati ya Haki na Uhuru ya mwaka 1982. Kinampa mzazi ambaye ni raia haki ya kusomesha watoto wake, msingi na sekondari, kwa lugha rasmi ya walio wachache katika jimbo lake, kwa fedha za umma. Uchache hupimwa kwa jimbo, si kwa nchi: Ontario au Alberta lugha ya wachache ni Kifaransa, Quebec ni Kiingereza. Na mwenye haki ni mzazi.

Wengi hudhani haki hii imetimia pale shule inapofundisha Kifaransa kwa saa nyingi. Sivyo. Kanada ina madarasa mengi ambamo watoto wa nyumba za Kiingereza hufundishwa hesabu na sayansi kwa Kifaransa ili wakijue. Ni jambo jema, ila lengo lake ni jingine. Shule ya wachache ni mahali ambapo Kifaransa ndiyo lugha ya mwalimu mkuu, ya mlinzi, ya mkutano wa wazazi na ya ugomvi wa watoto wakati wa mapumziko. Lugha huishi katika hayo mambo madogo.

Ukali wa kifungu hiki una historia. Mwaka 1912 serikali ya Ontario ilitoa Kanuni ya 17, iliyobana ufundishaji kwa Kifaransa usivuke miaka miwili ya mwanzo ya shule. Katika shule ya Guigues mjini Ottawa, Januari 1916, akina mama walisimama kuwalinda walimu waliokaidi kanuni hiyo, wakiwa wameshika pini ndefu za kofia. Mwaka huohuo Manitoba nayo ilifuta mafundisho kwa Kifaransa. Vizazi vilipita hivyo. Kwa hiyo mahakama hukisoma kifungu cha 23 kama dawa ya madhara yaliyokwisha kutendeka.

Kifungu kina sharti: idadi ya watoto iwe ya kutosha. Itoshe kwa ajili ya kitu gani? Wazazi wa Edmonton walilipeleka swali hilo hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 1990, katika kesi ya Mahé, walijibiwa kwamba haki hupanda kwa ngazi. Watoto wakiwa wachache, wapewe angalau mafundisho. Wakiongezeka, shule yao. Wakiongezeka zaidi, bodi yao wenyewe ya shule. Usimamizi nao ni sehemu ya haki. Kwangu mimi hapo ndipo penye uzito wote, maana shule inayoendeshwa na wengine hufungwa na hao wengine bajeti ikibana. Miaka 10 baadaye wazazi wa Summerside, Kisiwa cha Prince Edward, walishinda pia: serikali haikuweza kuwapa basi la kuwapeleka watoto shule ya mbali badala ya shule ya Kifaransa mjini kwao.

Sasa tuje kwetu. Mama aliyekulia Bukavu, lugha yake ya kwanza Kiswahili, amesoma kwa Kifaransa tangu darasa la kwanza, amehamia Ontario na kupata uraia. Je, ana haki hii? Kifungu kinauliza kama lugha ya kwanza aliyojifunza na anayoielewa bado ni Kifaransa, au kama yeye mwenyewe alisoma shule ya msingi kwa Kifaransa nchini Kanada. Yote mawili jibu ni hapana. Kiswahili chake hakihesabiki kabisa, kama kisivyohesabika Kikrii wala Kiinuktitut, lugha zilizokuwa katika ardhi ile kabla ya Kiingereza na Kifaransa. Hilo naliona pengo kubwa, na linauma.

Hata hivyo mlango haujafungwa. Ontario, shule za Kifaransa zina kamati za kupokea watoto wa wazazi wasio na haki hiyo. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilibatilisha uamuzi wa waziri wa Northwest Territories, eneo la kaskazini mwa Kanada, wa kukataa maombi ya aina hiyo, kwa kuwa hakuzingatia vya kutosha kile ambacho kifungu cha 23 kinakilinda. Na kuna sentensi moja ambayo mama wa Bukavu anapaswa kuijua: raia ambaye mtoto wake mmoja anasoma kwa Kifaransa nchini Kanada ana haki ya kuwasomesha wote kwa lugha hiyo. Kamati ikimpokea kifungua mimba, wadogo zake wataingia kwa haki.