Kupoza Kompyuta kwa Maji: Mzunguko wa Kwanza

Wengi wanaotaka kupoza kompyuta ya mezani kwa maji huniuliza kwanza habari za pampu, nami huwauliza chumba chao kina joto kiasi gani. Maji hayamalizi joto. Hulichukua joto linalotoka kwenye prosesa na kadi ya grafiki na kulifikisha kwenye rejeta, ambako feni hulitoa hewani, hivyo maji hayawezi kuwa baridi kuliko hewa ya chumba hicho. Katika chumba cha Dar es Salaam chenye nyuzi 31, maji yakitulia kwenye nyuzi 40 wakati kompyuta inafanya kazi nzito, mimi huridhika kabisa. Asiyeridhika aongeze ukubwa wa rejeta, kwa maana pampu kubwa haitamsaidia sana.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Maji yanayopita kwa kasi ya lita 1 kwa dakika yakibeba wati 300 hupanda nyuzi 4 na kidogo. Kasi ikifika lita 4, hupanda nyuzi 1 tu. Kwa hiyo ubishi wa iwapo maji yaanzie kwenye prosesa au kwenye kadi hauna tija: fuata njia fupi isiyokunja mpira wa kupitishia maji. Sharti ni moja, tangi litangulie pampu na likae juu yake, kwa sababu pampu hulainishwa na maji yaleyale inayoyasukuma, na ikizunguka kavu huharibika upesi.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni metali. Shaba nyekundu, shaba ya manjano na nikeli hukaa pamoja bila ugomvi mkubwa, lakini alumini ikiingia katika maji hayohayo huanza kuliwa, na ungaunga wake huziba mifereji myembamba iliyo ndani ya bloku ya prosesa, yaani kipande cha metali kinachokaa juu ya prosesa na kupitisha maji. Rejeta nyingi za bei ya chini ni za alumini, kwa hiyo soma imetengenezwa kwa nini kabla ya kutazama bei. Hata rejeta ya shaba isuuzwe mara kadhaa kwanza, kwani hutoka kiwandani na mabaki ya kulehemu.

Maji ya kujaza yawe yaliyotoneshwa, yaani mvuke uliogeuzwa tena kuwa maji, nayo hupatikana vituo vya mafuta kwa jina la maji ya betri. Soma lebo vizuri, maana asidi ya betri nayo huweza kuwa rafu hiyohiyo. Yaongezee dawa ya kuzuia mwani na kutu. Mpira mweusi wa EPDM (aina ya raba), kipenyo cha milimita 10 ndani na 16 nje, ndio ninaomshauri anayeanza, ingawa hauna urembo. Fitingi, yaani viungio vya mpira, zikazwe kwa mkono hadi oringi (pete ya raba inayozuia maji kuvuja) ibanwe, spana huipasua.

Wakati wa majaribio, umeme ufike kwenye pampu pekee: chomoa nyaya nyingine zote, kisha unganisha pini ya 16 na ya 17 kwenye plagi kubwa (ya pini 24) ya pawa saplai, kifaa kinachoipa kompyuta umeme, ili iwake peke yake. Jaza tangi, washa kwa sekunde chache, zima kabla maji ya tangi hayajaisha, jaza tena. Tandika karatasi ya tishu chini ya kila kiungo na uache maji yazunguke usiku kucha, ukiinamisha kasha mara kwa mara ili hewa itoke kwenye rejeta. Kina cha tangi kitashuka kidogo siku zinazofuata kadiri viputo vinavyotoka. Ongeza maji, lakini usijaze pomoni, kwa kuwa maji yakipata moto hutanuka.