Lambo likikauka halijafa: dhana potofu kuhusu malambo na madimbwi ya kijiji

Kiangazi kikikolea na tope likaanza kupasuka, kauli inayosikika kijijini ni moja: lambo limekufa, liletwe katapila lichimbwe mpaka maji yasikauke tena.

Katika dhana zote, hii ndiyo yenye madhara makubwa zaidi. Viumbe wengi wa madimbwi ya msimu wanauhitaji ukame huo. Unguja kuna samaki mdogo aitwaye Nothobranchius guentheri, dume lake lina mkia mwekundu. Dimbwi likikauka, wazazi wote hufa. Mayai hubaki ndani ya tope mpaka mvua zirudi, ndipo yaanguliwe, na watoto hukua mbio ili watage kabla ya kiangazi kingine. Vyura nao hufaidika, kwa kuwa maji ya msimu hayakai samaki wengi wa kula viluwiluwi vyao. Ukilichimba lambo lisikauke kamwe, umewapa walaji makazi ya kudumu.

Tope lenyewe ni ghala la mbegu. Huko Norfolk, Uingereza, watafiti walifukua madimbwi ambayo wakulima wa zamani waliyafukia ili wapanue mashamba, na mbegu za mimea ya majini zilizokaa chini ya udongo kwa takriban miaka 150 zikaota. Kwa hiyo tope lisizolewe lote kwa mkupuo. Toa upande mmoja msimu huu, mwingine uache upumzike. Na tabaka la mfinyanzi lililo chini lisiguswe, maana likitobolewa maji hayatakaa.

“Lambo linatuletea malaria.” Hofu hii ina haki yake, watu wamezika watoto. Lakini Anopheles gambiae, mmoja wa mbu wakuu wanaoeneza malaria Afrika, hupenda zaidi vidimbwi vidogo vinavyopigwa na jua: alama za kwato, njia za matairi, mashimo ya kufyatulia matofali. Humo hakuna wa kumla. Kwenye lambo lenye uhai kuna watoto wa kereng’ende na mende wa majini, na wote hao hula viluwiluwi vya mbu. Hatari iko ukingoni, pale ng’ombe wanapokanyaga na kuacha mashimo yenye maji. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya kulifufua lambo mara nyingi ni uzio na birika la kunyweshea mifugo pembeni, kabla hata ya jembe.

Kuleta samaki wa kigeni wale mbu? Tafadhali, hapana. Samaki mdogo aitwaye Gambusia alisambazwa duniani kwa nia hiyo hiyo, naye hula pia mayai na viluwiluwi vya vyura. Leo Gambusia affinis yumo katika orodha ya spishi vamizi 100 mbaya zaidi duniani.

Wapo pia wanaopanda miti kuzunguka lambo zima. Kivuli kikizidi, mimea ya ndani ya maji hufa. Acha upande mkubwa uwe wazi kwa jua, na upande mwingine acha matawi yainamie maji. Chura Chiromantis xerampelina hutengeneza kiota cha povu jeupe kwenye tawi kama hilo. Povu hukauka kwa nje, ndani hubaki bichi, na baada ya siku chache viluwiluwi hudondoka majini kimoja kimoja. Tawi likikatwa, kiota hakina pa kuwekwa.

“Kufuatilia hali ya lambo ni kazi ya wataalamu.” Si kweli. Chomeka majini nguzo yenye alama za sentimita, usome kina. Piga picha kutoka sehemu ile ile kila mwezi. Usiku wa mvua za kwanza, sikiliza vyura na uandike sauti ngapi tofauti umezisikia. Mchana wa jua, hesabu kereng’ende. Kinachohitajika ni kurudia kwa namna ile ile, mwaka hata mwaka. Usipoona kitu, andika sifuri na tarehe, kwani bila sifuri hizo hamtajua ni lini kitu kilitoweka. Na anayeingia majini avae mabuti ya mpira: konokono wengine wa maji baridi hubeba vimelea vya kichocho, na vimelea hivyo hupenya ngozi.