Utamu wa Injili haujafichwa kwenye Kigiriki

Nimeulizwa tena: "Mwalimu, nifundishe Kigiriki kidogo, maana Injili zimenikauka." Kufundisha Kigiriki cha Agano Jipya ndiyo kazi yangu, ningepaswa kufurahi. Sifurahi.

Wengi wameaminishwa kwamba Kiswahili ni ganda tu, na kiini kinabaki kwa mhubiri mwenye kamusi. Ndiko tunakopata yale mahubiri kwamba neno la Kigiriki dunamis ni "dainamiti", baruti ya kulipulia. Jamani! Nobel aliibatiza dainamiti yake mwaka 1867. Marko angeijulia wapi? Dunamis ni nguvu, basi. Na agape kuwa upendo wa kimungu, fileo wa kibinadamu? Soma Yohana 3:35, kisha 5:20. Baba yuleyule anampenda Mwana yuleyule, kitenzi cha agape huku, cha fileo kule. Tupite.

Kinachokausha Injili ni kusoma huku tayari tunajua mwisho. Macho yanateleza juu ya mistari, kichwa kinasimulia hadithi ya utotoni. Chukua dhoruba ya Marko 4. Kila mtu anaijua: upepo, kemeo, kimya. Ukiuliza Yesu alikuwa amelalia nini, darasa zima linainamia vitabu. "Katika shetri, amelala juu ya mto," mstari wa 38; shetri ni sehemu ya nyuma ya chombo. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kudhani ni mto wa maji. Tulicheka, lakini ni yeye peke yake aliyekuwa amelisoma lile neno. Sisi wengine tulikuwa tumeshafika kwenye muujiza. Mathayo na Luka wanasimulia dhoruba hiyohiyo, mto wa kulalia hawautaji. Anautaja Marko, yule mwenye haraka kuliko wote, mwenye "mara" yake kila baada ya hatua mbili.

Sasa ongeza mwendo kidogo, uhesabu "kuu". Mstari wa 37, dhoruba kuu. Wa 39, shwari kuu. Wa 41, hofu kuu. Kigiriki nacho kinarudia neno lilelile mara tatu, na mtafsiri ameliheshimu. Hukuhitaji mimi wala kamusi yangu. Tazama hiyo ya tatu imekaa wapi. Ni kweli walikuwa waoga mawimbi yalipojaa chomboni, mstari wa 40 unawasuta. Ila hofu inayoitwa kuu inawashika maji yakiwa yametulia, hakuna kinachowatishia isipokuwa huyo aliyeamka. "Ni nani huyu, basi?" Miaka mingi nililisoma swali hilo kama shangwe. Siku hizi naona watu wanaosogea upande wa pili wa chombo.

Nisikudanganye, si kila asubuhi inashika. Kuna majuma ninasoma mistari hiyohiyo kama risiti, na Kigiriki changu chote hakinisaidii.

Yule aliyeniuliza nilimpa kazi moja: Marko 8:22-26, kwa sauti, polepole, bila kitabu cha maelezo. Alirudi amekunja uso. "Mwalimu, huyu kipofu ameguswa, halafu anasema, 'Naona watu kama miti, inakwenda.' Mbona anaguswa tena? Mara ya kwanza ilishindikana?" Ninayo majibu mawili ya darasani, nimeyafundisha miaka yote. Nilipofungua kinywa nikatambua kwamba mimi mwenyewe hakuna hata moja linaloniridhisha. Tukasoma tena.