Moto wa msituni mlimani: dhana potofu kuhusu vifaa vya kuuzima

Kiangazi cha Januari hadi Machi kinapokaza, moshi huanza kuonekana kwenye milima ya Kenya: Eburru, kwenye vilima vya Mau juu ya Elburgon na Molo, huko Cherangani na kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Gari la zimamoto huishia barabara inapoishia. Wanaofika kwenye moto wenyewe ni askari wa misitu, wanachama wa vyama vya jamii vya kutunza msitu na majirani, wote kwa miguu, na walichobeba ndicho watakachotumia hadi usiku. Ukishapanda saa mbili nzima na kifaa kisichofaa, hakuna pa kukibadilishia. Kwa hiyo haya yanayosemwa kuhusu vifaa yanafaa kunyooshwa mapema, kabla nyasi hazijakauka.

Dhana: Bila maji huwezi kuzima moto

Moto huishi kwa joto, hewa na kitu cha kuungua. Ukiuondolea kimoja, unakufa. Mjini tunaondoa joto kwa maji kwa sababu bomba liko karibu. Mlimani maji yako bondeni, na kila lita ni kilo moja mgongoni. Watu kumi wakipanda na mtungi wa lita 20 kila mmoja, watafika na lita 200, ambazo mpira mmoja wa pampu huzimaliza kwa dakika moja tu. Watu hao hao wakipanda na mapanga, majembe na reki za chuma, wanaweza kukata ukanda ambao moto utaufikia ukose cha kula.

Ukanda huo lazima ufike kwenye udongo mtupu, na hapo hakuna kupunguza. Chini ya misonobari na misaipresi kuna tandiko la majani makavu na mboji ambalo huungua hata chini kwa chini. Ukikwangua juu juu, moto hupenya polepole kama kaa lililofunikwa na jivu jikoni, kisha huibuka upande wa pili saa kadhaa baadaye, watu wakiwa wameshaondoka. Kwangua hadi uone rangi ya udongo na ncha za mizizi iliyokatika. Kwa moto unaotambaa chini ya miti, nusu mita ya udongo mtupu hutosha, mradi vichaka na matawi ya chini yamefyekwa kwa upana wa mita mbili au tatu. Kwenye nyasi, upana wa ukanda usipungue mara moja na nusu ya urefu wa nyasi zenyewe, na upepo ukiwapo, ongeza.

Watu hupangwa kwa mstari, wakiachana mita tatu ili panga la mmoja lisimfikie mwenzake. Hutangulia wenye pawa (misumeno ya injini) na mapanga, hufuata mashoka na majembe, kisha reki, na nyuma kabisa mwenye pampu ya mgongoni anayezima kinachovuka. Unachofyeka kikiwa hakijaungua kitupe mbali, upande usio na moto; kilichokwisha kushika moto kirudishe ndani. Kosa linaloonekana mara nyingi ni kurundika vichaka vikavu upande wa moto, ukingoni mwa ukanda. Moto ukifika hapo unakuta kuni zimepangwa tayari, miali inapanda na cheche zinaruka ukanda wote.

Na ukanda ukikatiza mteremko chini ya moto, kukwangua hakutoshi. Chimba mtaro, udongo wake uurundike upande wa bondeni uwe ukingo. Matunda ya msonobari yanayowaka na vipande vya magogo hubingirika, na bila mtaro vitapita ukanda wako na kuwasha bonde lililo nyuma yako.

Dhana: Njia ya moto ilishakatwa zamani, upande huu uko salama

Njia ya kuzuia moto iliyokatwa miaka miwili iliyopita na kuachwa iote nyasi ni utambi. Moto wa nyasi hukimbia kuliko ule wa chini ya miti, kwa hiyo njia hiyo hubeba moto kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Ihesabu kuwa haipo mpaka ifyekwe na kukwanguliwa tena.

Dhana: Tawi lolote bichi linafaa kupigia moto

Mkaratusi una mafuta kwenye majani. Leleshwa, ambayo imejaa pande za Menengai na Gilgil, huwaka hata ikiwa mbichi. Saipresi nayo ina utomvu. Ukipiga moto kwa tawi la miti hii, muda si mrefu unashika mwenge. Kama huna kingine, chagua tawi la majani mapana yenye maji mengi, na ulibadilishe mara tu majani yanapoanza kujikunja.

Kipigio kizuri hutengenezeka kwa fundi yeyote. Chukua kipande cha mpira mzito, kama ule unaoning'inia nyuma ya magurudumu ya lori kuzuia matope, ukikate sentimita 40 kwa 30. Kibane kati ya vibati viwili vya chuma kwa bolti na wosha, kwenye mpini wa mti wa mita 1.5 hadi 2. Usitumie misumari: mti hukauka kwa joto, misumari hulegea, na mpira huruka katikati ya kazi.

Namna ya kukitumia ndiyo huwashinda wengi. Mtu hukiinua juu ya kichwa na kukishusha kwa nguvu zote, na kila pigo hutawanya cheche kwenye nyasi ambazo hazijaungua. Kiinue hadi magotini tu, kishushe juu ya ukingo wa moto, kikandamize kwa sekunde mbili au tatu hewa ikatike, kisha kiburute kuelekea palipoungua. Wawili wakipokezana, mmoja akikandamiza mwenzake akiinua, moto haupati nafasi ya kuwaka tena. Lakini kipigio kina mpaka wake, sawa na jembe na panga. Miali ikizidi mita 1.2, yaani ikipita kiuno kuelekea kifuani, joto halikuruhusu kuukaribia. Kuanzia hapo rudi nyuma, ukate ukanda mbali na moto. Ikizidi mita 2.4, hata wenye pampu waondoke mbele yake.

Dhana: Pampu kubwa ya shamba itapandisha maji hadi kwenye moto

Pampu ya petroli ya inchi mbili au tatu inayonyweshea sukumawiki kando ya mto Njoro au Nyando hutoa mamia ya lita kwa dakika, na kwa shamba tambarare haina kasoro. Ila nyingi huweza kuinua maji mita 30 hivi tu. Zaidi ya hapo injini inanguruma na ncha ya mpira haitoi hata tone.

Kila mita 10 za kupanda hula baa 1 ya shinikizo, kile kipimo kilicho kwenye geji. Chukua mto ulio mita 120 chini ya moto: baa 12 zimeshakwenda kabla ya kitu kingine chochote. Unganisha mipira kumi ya inchi moja na nusu, kila mmoja mita 30, upitishe lita 200 kwa dakika. Msuguano utakula kama baa 4. Ncha nayo inahitaji karibu baa 5 ili maji yaruke. Jumla ni 21. Ziko pampu zilizotengenezwa kwa kazi ya misituni, za kilo 25 hivi, ambazo mtu mmoja hubeba mgongoni na zinaweza kufika baa 20 na zaidi. Lakini injini ya kawaida hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 juu ya usawa wa bahari. Katika mita 2,500, ambako sehemu nyingi za Mau zipo, robo ya nguvu iliyoandikwa kwenye kibandiko haipo.

Dawa yake ni kupokezana. Weka tangi la kukunja la lita 1,000 au 2,000 katikati ya mlima, mita 60 juu ya mto. Pampu ya kwanza hujaza tangi, na inahitaji baa 8 tu. Ya pili hunyonya kutoka tangini na kumalizia kwa baa 13. Zote mbili zinapumua, na moja ikizimika, tangi huwapa watu wa juu dakika tano au kumi za maji ya kuondokea.

Urefu wa kunyonya nao huwaponza watu. Pampu haivuti maji. Hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma kuingia, na hewa ya mlimani ni nyepesi. Inayonyonya mita 7 huko Mombasa itanyonya karibu 5 ukiwa Kuresoi. Iweke isizidi mita 3 juu ya maji, hata kama itabidi uishushe kwenye mawe kwa kamba. Ikigoma kushika maji, usianze kufungua kabureta. Angalia kwanza wosha ya mpira kwenye kiungo cha mpira wa kunyonya, maana huanguka majanini wakati wa kuunganisha na hakuna anayeiona, na tundu la hewa dogo tu latosha kuua mnyonyo. Kisha angalia chujio: liwe sentimita 30 chini ya uso wa maji, na lisiguse tope. Karai lililozamishwa chini yake hulilinda vizuri.

Injini nyingi za pampu hizi za misituni huchanganyiwa oili na petroli. Nyingine hutaka oili 1 kwa petroli 24, ambayo ni kama mililita 210 kwa lita 5. Nyingine 1 kwa 50, yaani mililita 100. Soma kibandiko, na mtungi wa mchanganyiko uandikwe kwa rangi isiyofutika. Petroli tupu huikwamisha pistoni katika dakika chache, na pampu iliyokwama bondeni saa kumi jioni huwaacha walio juu bila maji na bila taarifa, kwa kuwa simu hazishiki huko. Mwisho, weka vali ya kuzuia maji kurudi pale mpira unapotokea kwenye pampu. Injini ikizimika bila vali hiyo, maji yote yaliyo kwenye mipira huteremka na kuigonga.

Dhana: Pampu ya kunyunyizia dawa viazi ni ile ile

Zinafanana mgongoni, lakini ile ya viazi hutoa karibu lita moja kwa dakika, tena kama ukungu unaokauka kabla ya kufikia kaa. Ya moto husukumwa kwa mikono miwili, na maji yake huruka mita 8 au zaidi. Hata hivyo, pampu ya shambani ina kazi yake nzuri: kulowesha visiki na mboji moto ukishalala. Isuuze mara tatu kwanza. Dawa ya ukungu au ya magugu ikipata joto, utaivuta pamoja na moshi.

Ukipata dawa ya povu ya moto wa majani na kuni, mililita 100 kwenye lita 20 zinatosha. Maji huacha kuteleza juu ya majani makavu, yakazama ndani. Usiitie wala kuimwaga kando ya mto.

Dhana: Lowesha nguo na kitambaa cha puani ndipo uingie

Kitambaa chenye maji kikipata joto kali hutoa mvuke, na mvuke huunguza ngozi na koo vibaya kuliko hewa kavu. Vaa pamba au sufu, kavu, mikono mirefu, na viatu vya ngozi. Jezi za nailoni ziache nyumbani, hata ya ndani: huyeyuka na kuganda mwilini. Maji uliyobeba yanywe.

Dhana: Simama juu ya moto uupokee ukija

Hii imeua watu, na inauma kuisikia ikirudiwa. Moto hupanda kwa sababu miali huinamia mteremko na kukausha kilicho mbele yake. Kwa kila nyuzi 10 za mwinuko, mwendo wake huongezeka karibu maradufu. Mteremko wa nyuzi 20 huufanya uende mara nne ya ule wa tambarare, na hakuna mtu mwenye jembe anayeukimbia kupanda juu. Anzia mkiani, chini, mahali palipokwisha kuungua au penye mwamba au barabara, kisha fuata ubavu mmoja baada ya mwingine, palipoungua pakiwa pa kukimbilia. Korongo jembamba liepuke kabisa. Hufanya kazi ya dohani.

Dhana: Ndege ikimwaga maji, kazi imekwisha

Maji ya helikopta hushusha miali, na hapo ndipo watu wa chini hupata dakika chache za kusogea na kukata ukanda. Wasiposogea, moto huinuka tena. Helikopta ikija kumwaga, ondokeni chini yake: maji hayo huvunja matawi na kung'oa mawe.

Dhana: Miali ikiisha, moto umezimika

Kisiki cha mtarakwa huweza kufuka kwa siku nyingi, na mizizi hubeba moto chini ya ukanda wako. Mianzi nayo hupasuka kwa joto na kurusha makaa. Anza na mita 30 za ndani kutoka ukingoni. Chimbua, changanya makaa na udongo na maji kidogo kama unavyokoroga uji mzito, kisha ukande. Vua glavu, sogeza mgongo wa kiganja polepole bila kugusa, halafu ndipo uguse. Mgongo wa kiganja huhisi joto haraka kuliko vidole vyenye sugu. Penye joto, rudia.

Kesho yake pandeni tena kati ya saa saba na saa kumi mchana. Ndio wakati unyevu wa hewa uko chini kabisa, na kwa miteremko ya Nandi na Tinderet, ndio wakati upepo wa ziwa unapanda. Moshi ukiwapo, utauona saa hizo.