Kumwelewa mwanafunzi si kumdekeza

Tangu shule zifunguliwe, dawati letu la malezi na unasihi limepokea malalamiko ya aina mbili yanayogongana. Wazazi wa kundi la kwanza wanaleta watoto wenye alama za fimbo mgongoni. Wa kundi la pili, na hawa si wachache, wanalalamika kwamba walimu wa siku hizi wamelegea, hawachapi, na watoto wanaharibika. Bado wapo wanaomkabidhi mtoto shuleni kwa maneno yale yale ya zamani: nyama yenu, mifupa yangu. Mzazi mwenzangu, hakuna kanuni inayomruhusu mwalimu kugawana mtoto na wewe.

Kumfundisha mwanafunzi kama mtu, na si kama namba ya mtihani, hakuna maana ya darasa lisilo na nidhamu, wala mwalimu wa kumchekea kila mkosaji. Mtu aliyeuvumisha mtazamo huu ni Mmarekani Carl Rogers, mwanasaikolojia aliyeanzia kwenye unasihi. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa akisisitiza kwamba mambo yanayomsaidia mtu mbele ya mnasihi ndiyo yanayomfanya mwanafunzi ajifunze: mwalimu awe mkweli, asijifiche nyuma ya cheo; amthamini mwanafunzi hata kama alama zake ni mbovu; na ajitahidi kuliona jambo kama mwanafunzi mwenyewe anavyoliona. Wanaosema haya ni mambo ya Kizungu wamkumbuke kungwi. Mwari hufundwa na somo yake, anayemjua yeye, nyumba yao na hofu zake. Na kungwi si mtu wa mchezo.

Hilo la tatu la Rogers, la kuliona jambo kama mwanafunzi anavyoliona, ndilo gumu, na linashindikana zaidi Kidato cha Kwanza. Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali hapa Tanzania, anaingia sekondari, masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Kipindi cha Baiolojia, mwalimu anauliza kazi ya mizizi na kumwinua mtoto wa dawati la tatu. Mtoto anasimama, kashika ukingo wa dawati, macho chini, kimya. Mwalimu anauliza tena, safari hii kwa sauti ya juu. Kimya. Hapo walimu wengi huwa wameshahukumu: jeuri huyu. Ataambiwa abaki amesimama au apige magoti, na kengele ikilia wenzake watakuwa wameshampachika jina.

Jibu alikuwa nalo. Mtoto wa mkulima atakosaje kujua kazi ya mizizi? Alichokosa ni Kiingereza cha kulisemea. Mwalimu aliyezoea kujiuliza kwanza mtoto huyu yuko katika hali gani humwambia aketi, amweleze jirani yake kwa Kiswahili, kisha wote wawili watafute maneno matatu ya Kiingereza ya kuandika ubaoni. Inachukua dakika chache na darasa zima linafaidika. Nieleweke hapa: lugha ya kufundishia ni suala la sera, na ofisi hii haina kauli juu yake. Ninachosema ni kwamba kumvisha mtoto kibao shingoni kwa kosa la kuongea Kiswahili hakumo katika kanuni yoyote ninayoifahamu.

Walimu hutujibu kwamba darasa lina wanafunzi themanini, atamjua nani? Hoja hiyo ni ya kweli na hatuipuuzi. Lakini daftari la mahudhurio unalo. Mtoto anayekosa shule kila siku ya gulio hahitaji utafiti, anahitaji kuulizwa anauza nini na anamuuzia nani.

Sasa fimbo, maana ndiko kila kikao na wazazi kinakoishia. Kanuni za Elimu za Adhabu ya Viboko, Tangazo la Serikali Na. 294 la mwaka 2002, zinaruhusu adhabu hiyo kwa makosa makubwa ya nidhamu tu, au yale yanayoweza kuishushia shule hadhi. Kushindwa kujibu swali si kosa la nidhamu. Viboko visizidi vinne kwa mara moja. Kiboko kiwe chepesi, kipigwe mkononi au kwenye makalio yaliyofunikwa na nguo, si mgongoni, si kichwani, si kwenye nyayo. Anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyekasimiwa naye kwa maandishi. Kauli ya mdomo ya "mshughulikie huyo" haitoshi. Mwanafunzi wa kike huchapwa na mwalimu wa kike, isipokuwa pale ambapo shule haina mwalimu wa kike. Umri, jinsi na afya ya mtoto vizingatiwe. Kisha kila tukio liandikwe kitabuni: jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko, jina la aliyechapa, na saini ya mkuu wa shule. Kitabu kikiwa kitupu na watoto wana alama mwilini, mkuu wa shule ndiye wa kwanza kuulizwa.

Anayekiuka kanuni hizi anawajibika kinidhamu, na mashauri ya nidhamu ya walimu wa serikali yako chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu. Nje ya utumishi ipo Sheria ya Mtoto ya 2009, inayokataza adhabu isiyolingana na umri na hali ya mtoto. Faini yake haizidi shilingi milioni tano, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Kama kuna jeraha, polisi wanaweza kufungua shauri la shambulio la kudhuru mwili chini ya Kanuni ya Adhabu, na hapo kifungo kinafika hadi miaka mitano. Mashauri yaliyoko mahakamani hatuyazungumzii.

Mzazi mwenye malalamiko aanze kwa mwalimu mkuu au mkuu wa shule, asiporidhika aende kwa Afisa Elimu Kata, kisha halmashauri. Mtoto akiwa ameumia, usianze kwetu: nenda polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, uchukue PF3, fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi hospitali, mtoto atibiwe. Namba 116, ya kutoa taarifa za watoto, hupigwa bure. Kuja na ndugu wanne kumtafuta mwalimu kwenye lango la shule kunageuza shauri lako kuwa shauri lake.

Kwa wakuu wa shule: mwalimu wa malezi na unasihi asiwe yule yule wa nidhamu. Mtoto hawezi kumweleza siri ya nyumbani mtu aliyemchapa asubuhi. Mkitujibu kwamba hamna chumba, chini ya mwembe panatosha, ilimradi wengine wasisikie, na yatakayozungumzwa hapo yasiingizwe kwenye kitabu cha adhabu.