Mabawa ya Dhahabu Hayatoshi: Hatua ya Rubani wa Manowari Kabla ya Kuingia Kikosini

Mwaka 1954 Jeshi la Wanamaji la Marekani, pamoja na askari wa Marine, lilipoteza ndege 776 na watu 535. Mapigano ya Korea yalikuwa yamesimama tangu mwaka uliotangulia, kwa hiyo hasara hiyo haikuletwa na adui. Ilikuwa ni ajali. Ndege za jeti zilikuwa zimeingia kwa haraka, na rubani aliyetoka mafunzoni alipelekwa kikosini akajifunzie hukohuko ndege asiyoijua, chini ya watu waliokuwa na majukumu yao mengine.

Dawa haikuwa moja. Sitaha za manowari za kubeba ndege zilijengwa upya ili njia ya kutua ndege ikae mshazari, na kuanzia mwaka 1961 kila aina ya ndege ikaandikiwa mwongozo mmoja unaofuatwa na wote. Hayo husimuliwa sana. Lisilosimuliwa vya kutosha ni vikosi vya mafunzo vilivyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950, ambavyo kazi yake ni kumpokea rubani mwenye mabawa ya dhahabu kifuani, yaani beji ya aliyehitimu urubani, na kumfundisha ndege ileile atakayokwenda nayo kazini. Kwa maoni yangu hapo ndipo maisha mengi yanapookolewa, na ndiyo sababu naandika.

Anayepangiwa ndege ya kivita ya Super Hornet huenda kikosi cha VFA-106 pale Oceana, Virginia, au VFA-122 pale Lemoore, California. Wa F-35C, nayo ndege ya kivita, huenda VFA-125, hapohapo Lemoore. Wa P-8A, ndege ya doria inayosaka nyambizi, huenda VP-30 mjini Jacksonville, na helikopta nazo zina vikosi vyake. Kwa ndege za kivita safari hii huchukua takribani mwaka mzima: darasa, simuleta (mashine ya kuigiza urushaji wa ndege), kisha angani, akijifunza kupambana na ndege nyingine, kulenga shabaha za ardhini na kujaza mafuta hewani. Walimu ni marubani waliokwisha kwenda baharini na vikosi vya kazi, kwa hiyo wanayofundisha yametoka kazini.

Mtihani mkubwa ni kutua melini. Rubani akiwa nyuma ya meli huangalia kifaa cha taa kilicho upande wa kushoto wa sitaha: mstari wa taa za kijani, na katikati yake nuru ya manjano inayopanda na kushuka. Nuru ikiwa juu ya mstari, yuko juu mno. Ikiwa chini, ameshuka mno, na akizidi kushuka inageuka nyekundu. Ana sekunde kama 15 za kusahihisha. Magurudumu yanapogusa sitaha hapunguzi nguvu ya injini, bali anaisukuma hadi mwisho. Jambo hili huwashangaza wengi, lakini sababu yake ni rahisi: ndoano iliyo mkiani ikikosa kebo zote zilizotandazwa sitahani ili kuisimamisha ndege, ndege lazima iwe na mwendo wa kuruka tena kabla sitaha haijaisha. Ikinasa, ndege iliyokuwa na kasi ya zaidi ya kilomita 200 kwa saa husimama ndani ya sekunde mbili au tatu.

Haya hayaanzi baharini. Marubani wa Oceana huenda kwanza uwanja mdogo wa Fentress, ambako sehemu ya njia ya ndege imechorwa na kuwekewa taa kama sitaha. Wanagusa ardhi na kuruka, wanazunguka na kurudi, mchana na usiku. Usiku ndio unaotisha. Vipimo vilivyofanywa kwa marubani wakati wa vita vya Vietnam vilionyesha kuwa moyo ulidunda kwa kasi zaidi wakati wa kutua melini kuliko wakati wa kudondosha mabomu.

Kila utuaji hupewa alama. Anayezitoa ni afisa wa utuaji, naye ni rubani, anayesimama pembeni mwa sitaha akiwa na simu ya redio sikioni na swichi mkononi ya kuwasha taa za kumwamuru mwenzake asitue. Baadaye hupita chumba cha marubani na kumsomea kila mmoja makosa yake mbele ya wenzake, kisha alama zinabandikwa ubaoni kwa rangi. Naupenda sana utaratibu huu. Cheo hakimfichii mtu kosa, na anayeanza kuteleza anaonekana mapema, kabla hajaumia.

Kuna badiliko la karibuni ambalo umma unapaswa kulielewa. Zamani mwanafunzi wa ndege za kivita alitua melini kwanza kwa T-45, ndege ya mafunzo, kabla hajavishwa mabawa. Sharti hilo limeondolewa, kwa kuwa kompyuta za ndege za sasa humsaidia rubani kushika mteremko sahihi. Sina ugomvi na teknolojia hiyo, inafanya kazi. Lakini maana yake ni kwamba wengi wataiona sitaha kwa mara ya kwanza wakiwa kwenye kikosi cha mafunzo, ndani ya ndege kubwa na ya gharama. Kupunguza saa za mafunzo katika hatua hii ili kuziba mapengo vikosini kungekuwa hatari.

Akihitimu, rubani anaingia kikosini akiwa msaidizi anayemfuata kiongozi angani, na atahitaji mafunzo zaidi kabla ya kuongoza wengine. Na kikosi chake kikikaribia kurejea baharini, wakongwe wote, pamoja na mkuu wa kikosi, watarudia mizunguko ileile ya nchi kavu kabla ya kuruhusiwa kutua melini.