Imeili yako binafsi kwenye kompyuta ya ofisi: ikae wapi?

Kazi yangu ni kuhudumia kompyuta za ofisi hapa Mbeya, kuanzia Mwanjelwa hadi Uyole, na mara nyingine nateremka Tukuyu. Kote huko ombi ni lile lile: "Fundi, niwekee na Gmail yangu humo." Humo ni ndani ya Outlook, programu ya imeili ya Microsoft, kando ya imeili ya kazi. Ushauri wangu ni usiiweke humo.

Kwanza uliza kama inaruhusiwa. Mashine ni ya mwajiri. Ukifungua menyu ya Chrome ukakuta chini maneno kwamba kivinjari kinasimamiwa na shirika lako, ujue msimamizi ana uwezo wa kupanga na kufuatilia mengi. Hapo barua za hospitali, benki na maombi ya kazi kwingine zisomee kwenye simu yako.

Tuseme umeruhusiwa. Kuna njia mbili za programu kuchukua barua, IMAP na POP. Ukiunganisha Gmail na Outlook kwa IMAP, barua hubaki kwenye seva za Google, lakini Outlook ya siku zote huweka nakala pia kwenye diski ya kompyuta ile. Outlook mpya ya Windows nayo huzinakili hadi kwenye seva za Microsoft. POP ndiyo siipendi kabisa: hushusha barua kwenye mashine, na usipoagiza nakala ziachwe kwenye seva, zinaweza kufutwa kule. Diski ikifa, barua zimekufa nayo.

Halafu kuna suala la anwani ya mtumaji, na hili ndilo linaloniumiza kichwa zaidi. Akaunti mbili zikikaa kwenye programu moja, mtu mwenye haraka anamjibu mteja kwa anwani isiyo ya kazi. Fikiria mhasibu wa ushirika wa kahawa kule Mbozi ametuma orodha ya wakulima, yenye namba za simu na akaunti zao za benki, kupitia Gmail yake. Orodha ile imeshatoka mikononi mwa ofisi, na ofisi ndiyo yenye wajibu wa kuilinda. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na wakulima wale wana haki ya kuuliza.

Ninachowafanyia watu ni kuwafungulia wasifu (profile) wa pili kwenye Chrome, yaani sehemu yako peke yako ndani ya kivinjari hicho. Bofya kiduara chenye picha au herufi juu kulia, ongeza wasifu, upe jina na rangi tofauti, kisha ingia Gmail humo. Kila wasifu una historia yake na nywila zake. Usije ukawasha usawazishaji (sync) wa Gmail yako ndani ya wasifu wa kazi, maana nywila za mifumo ya ofisi zitakufuata hadi kwenye simu ya nyumbani. Ila wasifu si kufuli: anayekaa kwenye kiti chako anaufungua. Ukiinuka, hata kama ni kwenda kuchukua chai, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na L, skrini ijifunge.

Ukishikilia kutumia programu, basi iwe IMAP: kupokea ni imap.gmail.com poti 993, na kutuma ni smtp.gmail.com poti 465 au 587. Programu za sasa zitakufungulia ukurasa wa Google uingie hapo. Za zamani zinahitaji nywila maalumu ya herufi 16, inayopatikana tu ukishawasha uthibitishaji wa hatua mbili. Nywila iandike mwenyewe. Fundi akikuomba nywila yako kwenye karatasi, kataa, hata fundi huyo akiwa mimi.

Imeili ya kazi usiiweke kuwa ya kurejeshea Gmail yako. Siku ukiacha kazi inafungwa, na Gmail hiyo pengine ndiyo uliyojiandikishia Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi serikalini.

Umeme ukikatika usidhani umetoka kwenye akaunti. Ukirudi, Chrome inafunguka ungali ndani. Na viambatisho ulivyopakua, iwe CV au picha ya kitambulisho cha NIDA, vinabaki kwenye folda ya vipakuliwa hata kama ulitumia dirisha la mgeni. Mwanafunzi wa field atakayepewa mashine hiyo atavikuta.

Barua ya uhamisho ikifika, futa wasifu wako wa Chrome, ondoa akaunti kwenye Outlook, safisha vipakuliwa na pipa la taka. Kama umeshafika Njombe ndipo unakumbuka, chukua simu, ingia kwenye Akaunti ya Google, sehemu ya usalama, tafuta vifaa vyako na uiondoe kompyuta ile. Hilo linakutoa kwenye akaunti tu. Mafaili yaliyobaki kwenye diski hayaondoki kwa simu, hivyo mpigie mtu wa tehama wa ofisi uliyoiacha umwombe ayafute kabla mashine haijapewa mwingine.